Tupeane uzoefu: Ulijiandaaje kwa safari ndefu ya baiskeli yenye vilima?

Ndugu waendesha baiskeli, baada ya wiki nane kundi letu litasafiri kilomita 120 kwa siku moja, na miinuko yote kwa jumla ni mita 1,800. Naomba tuelezane tulivyojiandaa, hasa yale tuliyojifunza kwa kukosea. Naanza na langu.

Safari yangu ya kwanza ya aina hii niliiandaa kwa kuhesabu kilomita tu. Nilimudu saa tano kwenye barabara tambarare, nikaamini kwamba zinatosha. Kilima cha kwanza nilikipanda sambamba na wenzangu wenye kasi, nikihema hata nisiweze kuzungumza, kwa kuwa sikutaka kuachwa. Cha pili nikaanza kubaki nyuma. Na cha tatu, ambacho kila mita 100 za barabara zilipanda mita 9, misuli ya mapaja ilikaza, nikashuka na kuisukuma baiskeli. Nguvu nilikuwa nazo, ila nilizimaliza mapema. Kwenye tambarare anayemfuata mwenzake kwa karibu hukingwa upepo na kupata nafuu kubwa, lakini kwenye mlima mkali mwendo ni mdogo, kinga hiyo karibu haipo, na kila mtu huupandisha uzito wake mwenyewe. Tangu siku ile, mara moja kwa wiki napanda kilima kimoja mara nne hadi sita, kwa mwendo unaoniruhusu kusema sentensi nzima, na wiki ya mwisho napunguza mazoezi ili miguu ipumzike.

*

Mleta mada, kwangu tatizo lilikuwa gia. Gia yangu nyepesi kabisa ilikuwa na meno 39 mbele na 25 nyuma, hivyo kwenye mwinuko pedali hazikufika mizunguko 50 kwa dakika, na magoti yaliniuma kwa wiki mbili. Fundi alinifungia meno 34 mbele na 34 nyuma, na sasa nakanyaga kwa wepesi nikiwa nimekaa. Msingoje siku ya mwisho, kwa sababu gia kubwa ya nyuma huweza kudai mnyororo mrefu zaidi na kibadilisha gia kinachoifikia, na marekebisho hayo yanahitaji kujaribiwa kwenye kilima halisi.

*

Tusisahau kushuka. Niliwahi kushikilia breki mteremko mzima hadi rimu zikawa za moto usioshikika, na nilipofika chini mikono ilikuwa inatetemeka. Siku hizi nafunga breki zote mbili kabla ya kona, kisha naziachia, na namwachia aliye mbele nafasi ya kutosha. Koti jepesi la upepo pia ni lazima, maana jasho la kupandia hugeuka baridi kali mara tu unapoanza kuteremka.

*

Mimi naongeza mawili. Kuleni tangu saa ya kwanza, kiasi cha gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa, na mzoeshe tumbo wakati wa mazoezi. La pili ni makubaliano ya kusubiriana kileleni. Niliwahi kuwa wa mwisho katika kundi ambalo liliondoka kila nilipofika, kwa hiyo waliopumzika ni wale ambao hawakuchoka. Sasa tumeafikiana kwamba anayefika mwisho ndiye anayesema tuondoke.