Naomba ushauri: kuziba upepo madirishani kwa gharama ndogo, Njombe

Habari zenu wakuu. Nimepanga nyumba hapa Njombe, madirisha ni ya mbao na yamepinda. Baridi ya Juni hadi Agosti si mchezo, na nina mtoto mchanga. Dirisha limefungwa lakini pazia linacheza. Nikisogeza udi unaowaka, moshi unasukumwa ndani, hasa chini, pale fremu na ukuta vilipoachana.

Jiko la mkaa chumbani sitaki hata kulisikia, hewa yake inaua watu wakiwa usingizini. Nawaza silikoni kwenye nyufa za ukutani, na sponji pale dirisha linapofungia ili mchana niweze kufungua. Je, sponji itahimili ukungu wa huku, au nitafute mpira? Mwenye nyumba hataki misumari.