Trei za mayai, tishu au mifuko ya khaki: tuchukue mashine ipi kwa hapa Dodoma?

Mwana_Nala
Wakuu, habari za jioni. Mimi na wenzangu watatu tumechanga pesa, tunataka kuingia kwenye bidhaa za karatasi hapa Dodoma. Yako machaguo matatu: mashine ya trei za mayai kwa makaratasi chakavu, mashine ya kuviringisha na kukata tishu za chooni, au mashine ya mifuko ya khaki. Wakala ametupa hadi mwisho wa mwezi tuwe tumelipa nusu, ikipita hapo bei inapanda. Mwenye uzoefu atushauri ipi inalipa. Natanguliza shukrani.

fundi_kizota
Mkuu, kwa maelezo hayo hakuna mtu atakayekushauri kitu cha maana. Mtaji ni kiasi gani? Eneo lina umeme wa njia tatu au njia moja? Maji ni ya bomba la DUWASA au kisima? Kiwanja kina ukubwa gani? Malighafi mnaitoa wapi? Hiyo ya kulipa nusu kabla ya tarehe fulani isikuharakishe, mashine za namna hiyo zinatengenezwa kila siku.

MamaKuku_Ihumwa
Trei, mwanangu, usihangaike. Nina kuku wa mayai 1,200, kwa siku naokota trei thelathini na kitu. Trei mpya nazisubiri kwenye lori la Dar, lori likichelewa wafugaji tunaanza kuazimana zilizotumika. Na hiyo ndiyo hatari yenyewe, trei iliyotoka banda la mtu mwingine inakuletea ugonjwa wa kideri mpaka mlangoni. Mimi siiingizi, bora mayai yakae kwenye ndoo. Ukitengeneza trei ngumu hapa mjini mteja wa kwanza ni mimi.

khaki_tu
Mama shikamoo, ila mimi nasema mifuko. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku tarehe 1 Juni 2019, kila duka la dawa na kila muuza vitumbua anatafuta bahasha ya khaki. Karatasi yenyewe inatengenezwa hapahapa nchini, Mgololo kule Mufindi, kwa misonobari ya Sao Hill. Unanunua roli, mashine inakunja na kugundisha. Hakuna maji, hakuna rojo la karatasi iliyosagwa, hakuna kuanika. Mdogo wangu yuko Morogoro, alianza na meza na brashi ya gundi, leo ana mashine mbili.

fundi_kizota
Mifuko sikatai, lakini hapo unategemea roli la mtu. Karatasi ikipanda bei, faida yako imeondoka na huna la kufanya. Tishu ni hivyohivyo, unanunua gombo kubwa kisha unalikata, na kwenye rafu unakutana na wenye viwanda wanaojitengenezea karatasi yao. Trei ndiyo pekee ambayo malighafi inaokotwa mtaani. Ila tungoje mwenye uzi ajibu maswali.

Mwana_Nala
Samahanini wakuu, nilikuwa safarini. Mtaji ni milioni 46. Kiwanja kiko Nala, mita 20 kwa 30, umeme ni wa njia moja kwa sasa. Maji ni ya kisima, yana chumvi kidogo. Kuhusu malighafi nilisahau kusema, na ndilo lililotufanya tuipende trei: mwenzetu mmoja ana mkataba wa usafi kwenye maofisi kule Mtumba, tutapata karatasi nyeupe zilizochanwa kwa mashine, bure kabisa, magunia kwa magunia.

fundi_kizota
Sasa tunaweza kuongea. Umeme wa njia moja hautoshi, mashine inayosaga rojo na pampu ya kuvuta hewa zote zinataka njia tatu. Peleka maombi TANESCO kabla ya kumlipa wakala hata shilingi.

Halafu kuna kukausha. Trei moja kavu ina kama gramu 70. Ikitoka kwenye kalibu, karibu robo tatu ya uzito wake ni maji, yaani gramu 70 za karatasi zimebeba gramu 210 za maji. Mashine ya trei 1,000 kwa saa inakuachia lita 210 za kukausha kila saa. Trei ina upande wa sentimita 30 hivi, kwa hiyo 1,000 zikitandazwa zinachukua mita za mraba 90. Fanya kazi saa nane, zinakuwa 720. Kiwanja chako chote ni 600, na humo kuna banda, tangi na lundo la makaratasi. Bila chanja za ghorofa nne au tano, au tanuri, hutoboi.

Baba_Neema_Dom
Naomba nieleze kwa kirefu, kwa sababu karatasi za ofisini za bure ndizo zilizoniumiza.

Mwaka 2021 nilichukua mashine ya trei kupitia wakala, jina lake nalihifadhi. Aliniambia Dodoma ni kavu, jua lipo mwaka mzima, tanuri la nini? Nikaliacha tanuri ili kuokoa pesa. Mashine ikafika Desemba, tukaanza kazi Januari. Wenyeji mnaijua Januari ya hapa. Mvua zetu ni chache lakini karibu zote zinashuka kati ya Desemba na Aprili. Asubuhi tunaanika, saa nane wingu linatanda, vijana wanakimbia kukusanya trei ambazo bado ni laini kama ugali wa moto. Ukishika ukingo, unabaki na ukingo mkononi. Zile tulizorundika ndani zikaota ukungu wa kijani siku ya tatu, banda lote likanuka gunia lililoloa.

Kiangazi kikaja, nikasema sasa nitapumua. Na kweli, jua la Agosti unaanika asubuhi, alasiri ukiigonga trei inalia ko-ko. Hapo ndipo nikapata karatasi za ofisini, magunia arobaini kwa nauli ya guta tu. Nyeupe, safi, mtu yeyote angefurahi. Tukaloweka, tukasaga, tukatia rozini (ya utomvu wa msonobari) na shabu kama karatasi ya maelekezo ilivyosema, ili trei isinywe maji. Dakika haikupita tangi likaanza kuumuka. Povu zito jeupe likapanda, likavuka ukingo, likamfikia miguuni kijana wa pampu. Tulilichota kwa ndoo mpaka jioni. Trei zilipokauka niliinua moja kuelekea dirishani, ina vitundu vidogovidogo, mwanga unapita kama kwenye chekeche. Nikadondosha tone la maji juu yake, likazama palepale.

Sikujua sababu, nikaendelea. Mteja wangu pale soko la Majengo alipanga trei kumi kwenda juu zikiwa na mayai. Asubuhi yake ile ya chini ilikuwa imebonyea, safu nzima imeegemea ukuta na ute umegandia sakafuni. Alinipigia simu bila kugomba, akasema tu, "Baba Neema, njoo uone." Nililipa mayai yote. Mashine niliiuza mwaka 2023 kwa chini ya nusu ya bei niliyonunulia.

MamaKuku_Ihumwa
Pole sana baba. Nilishanunua trei za namna hiyo, ukinyanyua kwa mkono mmoja inajikunja katikati.

Nyuzi_na_Kemia
Pole kaka Baba Neema. Kosa halikuwa lako, ni maelekezo yaliyoandikwa bila kujua utasaga karatasi gani. Karatasi nyeupe ya ofisini siku hizi imejazwa unga wa kalisi kaboneti, ni jamii ya chokaa, ili iwe nyeupe na laini. Shabu ina asidi. Umekamulia ndimu kwenye magadi, lazima liumuke. Povu lile ni hewa ya ukaa, na viputo vyake ndivyo vilivyoacha vitundu. Na shabu ikishaliwa na chokaa, haibaki ya kuishikiza rozini kwenye nyuzi, ndiyo maana tone lilizama. Maji ya kisima yenye ugumu yanazidisha tatizo, na Mwana_Nala amesema chake kina chumvi. Apime kwanza.

La pili ni nyuzi zenyewe. Karatasi ya ofisini nyingi hutokana na miti ya nyuzi fupi, kama milimita moja. Ikipita kwenye mashine ya kuchana zinakatika tena. Msonobari una nyuzi za karibu milimita tatu, na ndizo zilizo kwenye maboksi na mifuko ya saruji. Tena kila karatasi inapokaushwa, nyuzi zinakakamaa, ukiziloweka upya hazivimbi na kushikana kama mara ya kwanza. Mjerumani Georg Jayme alilieleza hilo mwaka 1944 na akalipa jina lenye maana ya kugeuka pembe. Ukishika trei iliyotengenezwa kwa karatasi iliyorudiwa mara nyingi unaelewa kwa nini alichagua pembe, ni kavu na inavunjika.

Kwa hiyo, Mwana_Nala, gunia la bure lisikupe hesabu ya uongo. Fanya maboksi yawe sehemu kubwa, nyeupe iwe kidogo ya kuchanganyia, na usitie shabu humo. Ipo dawa nyingine ya kuzuia maji isiyogombana na chokaa, inaitwa AKD, lakini inataka joto ili ishike vizuri, kwa hiyo tunarudi kwenye tanuri.

Mgogo_wa_Bahi
Kwani lazima makaratasi? Bahi tunalima mpunga, Singida alizeti hadi upeo wa macho. Baada ya mavuno mabua yanachomwa moto. Wenzetu China na India wametengeneza karatasi kwa majani ya mpunga na ngano miaka mingi. Kwa nini sisi tungoje boksi kutoka Dar?

Nyuzi_na_Kemia
Ndugu yangu, wazo ni zuri na linafanyiwa utafiti sehemu nyingi. Shida ni kupika. Boksi limeshapikwa kiwandani, wewe unaloweka na kusaga tu. Bua bichi lina lignini, ile gundi inayoshikilia nyuzi, na kuitoa lazima uchemshe kwa magadi makali ya kiwandani. Baada ya hapo unabaki na maji meusi. Kiwanda kikubwa cha karatasi ya khaki hukoleza maji hayo na kuyachoma kwenye boila maalumu, kinapata mvuke na kurudisha kemikali zake. Boila hiyo ndiyo roho ya njia ya kupika karatasi ya khaki aliyoianzisha Carl Dahl kule Danzig mwaka 1879, na hakuna wa milioni 46 anayeweza kuijenga. Majani ya mpunga ndiyo magumu zaidi, yana silika nyingi, kitu kilekile cha mchanga, inaganda kwenye mabomba.

Sasa maji meusi utayamwaga wapi? Mji huu unakunywa maji ya visima vya Mzakwe, yanatoka chini ya ardhi. NEMC, wale wa mazingira, wakikukataza watakuwa sahihi, na mimi nitakuwa wa kwanza kupiga simu.

Mgogo_wa_Bahi
Sijasema tumwage. Nimesema vijana wetu wa vyuo watafute njia. Kila siku tunaambiwa haiwezekani.

MamaKuku_Ihumwa
Halafu mabua si takataka, mwanangu. Mwezi wa tisa ng'ombe wa mama yangu kule Chamwino wanaishi kwa mabua ya mtama. Ukianza kuyanunua kwa ajili ya kiwanda, mfugaji atalisha nini?

Mgogo_wa_Bahi
Mtama sawa, hapo nakubali mama. Ya alizeti je? Ng'ombe hawayapendi, ni magumu.

khaki_tu
Tumetoka kwenye mashine tumeingia malishoni. Mwenye uzi, mifuko haihitaji boila wala shabu. Nipo kama unataka namba za mashine ya meza.

Mwana_Nala
Nawashukuru sana wote, hasa Baba Neema, maana wakala wetu naye ametuambia tanuri si lazima. Nimemuuliza leo kuhusu karatasi nyeupe na shabu, akasema atamuuliza mtengenezaji. Wenzangu wawili bado wanaitaka trei, mmoja ameanza kuipenda mifuko. Jumamosi tunaenda kuona mashine ikifanya kazi. Nitabeba gunia letu la nyeupe na maboksi machache, niombe wasage mbele yangu. Swali: maboksi kwa wingi hapa Dodoma yanapatikana wapi?

fundi_kizota
Beba na dumu la maji ya kisima chako. Wakisaga kwa maji yao hujapima kitu.

Dalali_Kibaigwa
Nimeusoma uzi wote kimyakimya. Mimi nakusanya maboksi ya madukani hapa Kibaigwa na Kongwa mjini, nayafunga marobota, lori la kwenda Dar linapita kuyachukua. Likikosa mzigo mwingine wa njiani haliji, sasa hivi nina marobota yamekaa wiki tatu chini ya turubai. Mwana_Nala, ukianza utahitaji tani ngapi kwa wiki? Na yakiloa kidogo bado unayataka?