Kuna mtu kaniita "lowest common denominator" mbele ya kikao cha harusi!

Mwana_Kibirizi:
Wakuu, nimetoka kikaoni Mwanga sasa hivi, hata viatu sijavua. Mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule aliyekaa Ulaya wiki mbili, karudi hata neno dagaa linamkwama kooni.

Nimependekeza wageni wale ugali wa muhogo kwa migebuka. Akavua miwani. AKAVUA MIWANI, wakuu, akanitazama kama karai lenye kutu, akasema tusiishushe harusi hadi "lowest common denominator". Watu wakacheka mpaka mhazini akamwaga chai kwenye daftari la michango.

Nimeuliza maana yake, naambiwa kwa Kiingereza ni kitu cha hadhi ya chini kabisa, cha kumridhisha kila mtu. Na neno lenyewe la hesabu wamelipindua! Jumlisha robo na moja ya sita. Asili, yaani namba za chini, ni 4 na 6. Asili ndogo ya shirika, ndiyo hiyo "lowest common denominator" yenyewe, ni 12, kubwa kuliko zote mbili! Ndiyo inayozikalisha sehemu sahani moja: 3/12 na 2/12, jibu 5/12. Bila hiyo hujumlishi kitu. Uduni uko wapi hapo? Halafu mtu anavua miwani!

MwishoWaReli:
Povu lote hili kwa ajili ya KDS (kigawe kidogo cha shirika) ya shule ya msingi? Migebuka ilipita au haikupita?

Mwana_Kibirizi:
Imepita kwa kura. Siyo hoja. ALIVUA MIWANI.

Mama_Mawese:
Bora wako kavua miwani. Bosi wangu kila Jumatatu anatangaza tumebadilika "nyuzi 360". Baba, 360 si umerudi ulipotoka? Sema 180!

Fundi_Gungu:
Hamjakutana na jirani yangu. Kuku wake eti wanaongezeka "exponentially". Mwezi wa kwanza 2, wa pili 4, wa tatu 6, wa nne 8. Hiyo ni kuongeza mbili mbili tu! Ingekuwa kwa vipeo, yaani kuzidisha kwa mbili kila mwezi, leo angekuwa na 16.

MwishoWaReli:
Hao 8 ni wa kienyeji?

Fundi_Gungu:
Wa kienyeji, ila anauza kama anauza ng'ombe.

Mama_Mawese:
Jogoo yupo? Niko Katubuka, nakuja na boda sasa hivi.

Mwana_Kibirizi:
Wakuu, miwani jamani…

Mama_Mawese:
Fundi, jogoo bei gani?