Kiwanja cha urithi Jomvu kina metali ya risasi udongoni: tuchimbe, tufunike au tupande alizeti?

MwanaJomvu (mleta uzi)
Hamjambo wanajukwaa. Naomba ushauri, hasa kwa mnaojua mambo ya udongo na ujenzi.

Marehemu baba alituachia kiwanja cha hamsini kwa mia Jomvu, Mombasa, si mbali na Owino Uhuru. Mnakikumbuka kile kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilichofanya kazi pale tangu 2007 hadi kikafungwa 2014. Kwetu ni nje ya mtaa wenyewe, lakini moshi ulikuwa ukitufikia. Sasa dadangu anataka kuhamia na watoto, na mdogo ndiye kwanza anatambaa.

Tulipeleka udongo maabara. Majibu ya risasi, miligramu kwa kilo moja ya udongo: kando ya ukuta unaotazama kiwanda 3,400, chini ya michirizi ya mabati 1,900, katikati ya ua 850, nyuma ya jiko 210.

Kontrakta anasema tuchimbe ua wote futi moja, apakie malori akatupe. Mjomba anasema mwaga kifusi juu, yaishe. Rafiki yangu anasema panda alizeti, zinanyonya sumu. Hukumu ya 2020, kwenye kesi ya wakazi wa Owino Uhuru, iliagiza udongo wa mtaa wao usafishwe, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha ile fidia ya shilingi bilioni 1.3, lakini sisi hatumo kwenye kesi ile. Tukae kungoja nini? Nisaidieni.

Bi_Sauda
Pole mwanangu. Kabla ya lori na kabla ya jembe, hao watoto washapimwa damu? Wapelekeni wakatolewe ya mshipani, maana ya kidole huchanganyika na vumbi la mkononi ikadanganya. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto akifika mikrogramu 5 kwa desilita, chanzo kitafutwe na kiondolewe. Marekani huanza kumfuatilia kwenye 3.5. Nimefanya kazi ya uuguzi miaka mingi na najua risasi haina dalili za kukushtua mapema. Mtoto anacheza vizuri tu, kumbe darasani ndipo mambo yanapoonekana. Huyo anayetambaa asihamie kwanza.

Tabaka_la_Chini
Mleta uzi, umefanya la maana kupima sehemu nne badala ya kuchanganya udongo wote kwenye mfuko mmoja. Ungechanganya ungepata wastani wa kukuchanganya kichwa. Mimi kazi yangu ni mazingira, nitaandika kirefu kidogo.

Marekani walitumia 400 kama mpaka wa mahali watoto wanapocheza kwa miaka mingi, na Januari 2024 wakaushusha hadi 200 kwa viwanja vya makazi. Kwa hiyo nyuma ya jiko mko mpakani, katikati pabaya, na ukutani pabaya sana. Hizo ni kazi tatu tofauti. Anayekupa dawa moja kwa ua wote anakuuzia lori.

Hebu tupige hesabu ya huyo kontrakta. Ukitoa nyumba, una kama mita za mraba 300 za ardhi tupu. Sentimita 30 kwenda chini ni mita za ujazo 90, na udongo ukishachimbwa huvimba, utapata 110 na zaidi. Hayo ni malori kumi na moja ya mita kumi. Yanakwenda wapi? Mwakirunge ni jaa la taka za kawaida. Udongo wenye 3,400 ni taka hatari, msafirishaji anatakiwa awe na leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, na karatasi ya kuonyesha ulikopelekwa. Muulize kontrakta akuonyeshe hivyo viwili. Akibabaika, ujue atakwenda kuumwaga kwenye bonde la mtu, na mtoto wa mwingine auchezee.

Ushauri wangu: chimba ukanda wa ukutani na wa michirizini tu. Risasi iliyoangushwa na moshi kwa kawaida haizami mbali, hukaa juu, ila pale palipomwagika asidi ya betri inaweza kushuka. Kwa hiyo chimba sentimita 15, pima chini yake, ndipo uamue kama unaendelea. Katikati ya ua usichimbe, funika.

Kufunika nako si kumwaga kifusi kama anavyosema mjomba, kwa heshima zake. Tandaza kwanza kile kitambaa cha kufumwa wanachotumia wajenzi wa barabara, cha rangi inayoonekana, halafu udongo safi sentimita 30 ulioshindiliwa, juu yake nyasi au kabro, yale matofali ya kutandika uani. Kitambaa ni cha kumwonya fundi bomba atakayekuja kuchimba miaka kumi ijayo. Na huo udongo wa kujazia upimwe pia! Watu wamewahi kufunika sumu kwa kifusi chenye sumu.

Shamba_Darasa
Mkuu, alizeti umeiruka kabisa. Mimea inavuta metali, hilo linajulikana.

Tabaka_la_Chini
Baadhi ya metali, ndiyo. Risasi ni mbishi: hujishika na chembe za udongo, na kidogo inayoingia mmeani hubaki zaidi kwenye mizizi. Kwa 3,400 utapanda alizeti wewe, wajukuu wako wapande, na kila msimu mabua utayapeleka wapi? Ukiyachoma umerudisha moshi ule ule. Wapo wanaotia kemikali za kuilegeza risasi ili mmea uivute, lakini ikishalegea mvua ya masika inaweza kuishusha hadi kwenye maji ya visima. Nisingethubutu.

Mulubumbashi
Jambo wapendwa. Niko Lubumbashi, huku tanuri la shaba liliwaka tangu 1911 na bomba lake la moshi ni alama ya mji. Mtaa wa Penda-Penda, upande wa kushuka upepo, udongo umebaki uchi. Watu wa chuo kikuu walijaribu pale kutia chokaa na mboji, kisha kupanda nyasi za asili zinazovumilia metali. Lengo lao lilikuwa kuifunga sumu isipeperuke, siyo kuivuta. Kwa hiyo mmea una kazi, ndugu Shamba, ila ni kazi ya mlinzi.

Shamba_Darasa
Hapo nimekuelewa.

MwanaJomvu
Asanteni sana. Kuna mtu kaniambia nitie mbolea ya fosfeti, ati inaigandisha risasi. Na wapangaji wana mchicha nyuma ya jiko, wanakula kila siku.

Tabaka_la_Chini
Fosfeti ni kweli, huifanya risasi kuwa madini magumu ambayo tumbo la mtoto haliyayeyushi kirahisi. Huko Joplin, Missouri, kwenye mji wa zamani wa kuyeyusha risasi, walifanya majaribio yake. Lakini risasi ya betri mara nyingi huja na aseniki, na fosfeti huweza kuisukuma aseniki ikaachia udongo. Pima aseniki na kiwango cha asidi kwanza. Kama udongo bado mchachu, chokaa ndiyo ya kuanza nayo, na Pwani hatuna shida ya chokaa. Hata hivyo vyote viwili ni vya kusaidia kifuniko, wala si badala yake.

Mchicha waung'oe. Tatizo kubwa la majani ni vumbi linalong'ang'ania. Wapande kwenye matuta ya matofali yaliyojazwa udongo wa kutoka mbali. Nyanya na bilinganya zina nafuu kuliko mboga za majani.

Fundi_Kisauni
Naongezea la kifundi. Msichimbe kaskazi inapovuma na udongo mkavu. Mwagieni maji kidogo kidogo, usipeperuke wala usigeuke tope la kutiririka kwa jirani. Vijana wa kazi wavae barakoa za vumbi, si kitambaa cha shingoni, na nguo wazivue hapo hapo. Nimeona mtu anarudi nyumbani na vumbi la site halafu anambeba mtoto. Kingine, mabati na dari vioshwe KABLA ya kufunika ua. Mkianza na ua, mvua ya kwanza itawashushia vumbi la miaka juu ya kabro mpya.

Bi_Sauda
Na tangi la maji ya mvua mwanangu, lile tope la chini litolewe. Ndani ya nyumba pigeni deki kwa kitambaa kibichi, ufagio mkavu muuweke kando.

Pwani_Huru
Mnamshauri mtu mmoja asafishe ua wake wakati mtaa mzima ni vumbi. Kabwe kule Zambia walibadilisha udongo kwenye nyua za watu, na dampo la mgodi wa zamani wa risasi liko wazi linapeperusha. Hii ni kazi ya serikali.

Tabaka_la_Chini
Ni kweli, na asiache kudai. Ila Zamfara, Nigeria, ambako risasi ya kusaga mawe ya dhahabu iliua watoto zaidi ya 400 mwaka 2010, kijiji cha Bagega kilingoja usafishaji hadi 2013, na matibabu ya watoto yakangoja pamoja nacho. Huyu mtoto anatambaa sasa. Mleta uzi, peleka majibu ya maabara kwa barua ofisi ya mazingira ya kaunti na NEMA, gonga muhuri kwenye nakala yako. Jirani zako nao wapime, ili ukanda wa ukutani mchimbe pamoja, na msafirishaji mwenye leseni mumlipe kwa kuchangiana.

MwanaJomvu
Nimeongea na majirani wawili wa ukuta ule ule, wamekubali kupima. Dada atabaki Likoni kwa sasa, na Jumatatu watoto wanapelekwa kutolewa damu. Kontrakta nimemwomba leseni, hajapokea simu tena.