Piesi ya Katanga ya 1961, naihesabia inchi ao hapana?

Mutoto_wa_Katuba (Lubumbashi)

Jambo ba yaya na ba ndugu. Niko na swali inanisumbua karibu mwezi muzima sasa, na hapa naona kuko batu banajua mambo ya piesi (sarafu) kunipita.

Nakusanya sarafu. Nataka moja ya kila inchi ya dunia, moja paka moja, sitafuti ya zahabu wala ya bei. Nilianza juu ya mujomba wangu, ni shofa ya lori, anapitia Kasumbalesa, anashuka mpaka Durban ao Dar, na kila akirudi anamwanga yote ya mufuko ku meza: ngwee za Zambia, senti za Afrika ya Kusini, thebe za Botswana, shilingi mia mbili ya Tanzania yenye Karume upande moja na simba upande ingine. Kisha bashofa benzake nabo bakanijua, leo mutu ananiita ku parking "wee mutoto wa piesi, kuya uone hii". Niko na inchi 61.

Nimechukua kaye (daftari), nikaandika inchi zote za ONU (Umoja wa Mataifa), 193, kila moja na mustari yake, nikipata piesi naweka alama. Njo hapo shida inaanza, na inaanza na inchi yetu sisi benyewe. Mustari ya Kongo iko wazi! Mimi nimezaliwa nikikuta franga ni karatasi tu. Muzee ananiambia hata wakati franga inaingia 1998, santimu zake zilikuwa noti, hakukuwa chuma. Ku intaneti banauzisha piesi za 2002 zenye banyama, zimeandikwa République Démocratique du Congo, lakini niliuliza batu sokoni, niliuliza wale wa kubadilisha feza, hakuna mutu alishawahi kupokea moja ku mukono. Sasa naweza kuweka ile ya kununua na dola kwa mutu wa Ulaya na kusema njo sarafu ya kwetu? Roho inakataa.

Halafu ku kopo ya nkambo (kopo ya maziwa ya unga, ndani muko misumari na funguo za zamani) nimepata franga 5 ya Katanga, 1961. Ni shaba nyekundu imekuwa kahawia, upande moja kichane ya ndizi, upande ingine ule musalaba wa shaba wa bankambo, ule wenye uko ku bendera ya Katanga. Niliishika usiku ile nikakosa usingizi. Lakini ku kaye hakuna mustari ya Katanga. Nkambo anasema "ilikuwa inchi, nilifanya kazi mule". Mujomba anasema hakuna inchi hata moja ya dunia ilitambua Katanga, Tshombe, mukubwa wa Katanga, alitangaza uhuru wake 11/7/1960 na Januari 1963 ikaisha, kwa hiyo ni sifuri. Banagombana mpaka mama akatoa bote inje.

Mungefanya nini? Na pia franga CFA ya Afrika ya magharibi, piesi moja inatumika inchi nane, naweka alama nane ao moja?

Piesi_za_Kivu (Goma)

Mdogo wangu karibu sana, hiyo ugonjwa ninayo mwaka wa 14 huu.

Shida yako si Katanga, shida yako ni hiyo kaye. Umechukua listi ya watu wa siasa ukataka piesi zikae ndani, haziwezi. Listi ya ONU inasema nani ana kiti kule New York, haisemi nani anatoa feza. Angalia: Ekwado wanatumia dola ya Marekani tangu 2000 lakini sentavo zao wanatengeneza wenyewe, kwa hiyo wana piesi. Palau wana kiti cha ONU na hawana feza yao ya kununulia chumvi, wanatumia dola. Montenegro wanatumia yuro na hakuna yuro hata moja imeandikwa Montenegro. San Marino ni kadogo kuliko teritware yoyote ya huku na iko na yuro yake. Vatikano hata si memba wa ONU, ni waangalizi tu, na piesi zao watu wanazipigania. Taiwan je? Kiti hawana, na dola yao ya chuma inanunua chakula kila asubuhi.

Mimi ninafanya hivi: nageuza piesi, nasoma jina la benki ao la serikali iliyoitoa. Huyo njo ninahesabu. CFA ya magharibi inatolewa na BCEAO, benki kuu yao wote, ni mtoaji mmoja, alama moja, basi. Inauma juu unapoteza mistari saba, lakini ukichukua ile ya franga 100 hakuna mahali imeandikwa Benin wala Togo. Noti zao zina kaherufi kadogo kanaonyesha inchi (K ni Senegal, A ni Kodivaa), piesi hazina. Ya Afrika ya kati ni benki ya BEAC, inchi wako sita, lakini huko zamani franga 100 iliandikwa jina la inchi, kwa hiyo ukipata ya Gabon ao ya Kongo Brazzaville ya miaka ya 70 hiyo unaihesabu kivyake bila kuogopa.

Ngoja nikuonyeshe moja yenye ilinifungua macho. Niko nayo hapa mbele ya telefone: franga 1 ya 1958, ya aluminium, nyepesi ukiipuliza unafikiri itaruka. Ina mti wa ngazi na imeandikwa Congo Belge na Ruanda-Urundi pamoja. Mimi ninaishi Birere hapa Goma, nikitoka kwetu natembea dakika chache niko kwenye bariere ya mpaka, ng'ambo ni Gisenyi ya Rwanda. Leo upande huu una feza yake, upande ule una yake, na katikati kuna askari na karatasi za kupita. Na hii piesi ilikuwa inapita hapo hapo bila kuuliza mtu. Sasa niambie ni mstari gani ya kaye yako utaiweka? Kongo? Rwanda? Burundi? Ubelgiji? Hakuna hata moja. Inataka mstari wake. Na Katanga vile vile: kulikuwa na benki, benki ilitoa piesi, piesi ina jina. Weka.

Kitu kingine, usichoke kuuliza watu. Mimi piesi zangu za Uruguay nilipata kwa askari wao wa MONUSCO (jeshi la ONU) hapa Goma, nilikuwa namuuzia mmoja kadi za telefone, siku moja akanipa nne mara moja, zina wanyama: 1 peso mnyama mwenye mgongo wa magamba, 2 pesos mnyama kama panya mkubwa wa maji, 5 ndege kama mbuni, 10 puma. Ya 2 ninayo mbili.

Bukavu_Nguba

Samahani yaya wa Goma, nakuheshimu lakini hapo sikubali yote. Ukisema mtoaji peke yake anatosha basi zile za 2002 zenye wanyama nazo zinaingia, juu zina jina la inchi na zina mwaka. Na roho ya huyu mdogo imekataa, na mimi naona roho yake imeona vizuri.

Kwangu iko sharti la pili: piesi iwe imetembea. Mtu aliipata kwa mshahara ao kwa kuuza, akaitoa kwa kununua. Bibi yangu alikuwa na senti 10 ya East Africa, ile yenye tundu katikati, alikuwa ameitia uzi anavaa shingoni, hata mwaka hausomeki vizuri juu ya kusuguana na ngozi yake. East Africa haikuwa inchi, zilikuwa Kenya, Uganda na Tanganyika chini ya Waingereza na feza moja. Lakini ile senti ilivuka ziwa ikafika mpaka kwetu. Hiyo siwezi kuitoa kwa kitu cha kutengenezewa katoni ya kuuzia watalii.

Kwa hiyo mdogo, mstari wa Kongo usiuache wazi wala usinunue ya 2002. Tafuta franga 10 ya 1965, ya aluminium, yenye kichwa cha simba, ilitoka wakati inchi inaitwa tayari République Démocratique du Congo, jina hilo ni la 1964. Ao sengi 10 ya 1967 yenye chui. Zaire ni jina lilibadilika 1971 na 1997, inchi ni ileile, kwa hiyo hata makuta za Mobutu zinakaa kwenye mstari huo. Katanga unatazama tu kama ilitembea. Hiyo mimi sijui, watu wa Lubumbashi waseme.

Mutoto_wa_Katuba

Aksanti sana yaya zangu. Nkambo anasema ilitembea lakini mujomba anamuambia umri umekuchanganyia. Kwani hakuna mutu mwingine wa huku wa umri ule?

Na swali ya pembeni: naweza kuisafisha? Ile kahawia yake inaficha musalaba kidogo. Ngwee moja nilisugua na ndimu na chumvi ikawa ya kungaa.

MamaKamalondo (Lubumbashi)

Mwanangu USISUGUE. Weka hiyo ndimu chini. Ile rangi ya kahawia inachukua miaka kuja, ukiitoa hairudi, piesi inabakia kama sahani ya kununua jana. Kama iko na udongo, weka ndani ya maji ya kawaida, ikae, kisha panguza polepole na kitambaa laini, basi.

Sasa nikujibu ya Katanga. Mimi ni mutu muzima, 1962 nilikuwa na miaka saba, tunaishi hapa hapa Kamalondo, mji unaitwa Élisabethville. Mama alikuwa ananituma kununua chumvi na karanga. Ananipa piesi ya ndizi, ananifunga ndani ya ncha ya kitenge juu nisipoteze, kisha anafunga fundo mara mbili. Mwenye kuuzisha karanga alikuwa anafungua lile fundo na meno, nakumbuka mate yake ku kitenge nilikuwa nachukia mpaka nalia. Anachukua piesi, anapima karanga na kakikombe ka chuma, ananirudishia kipiesi kidogo. Siku moja ile ndogo ilianguka ndani ya mufereji mbele ya duka, nikaogopa kurudia nyumbani, nilikaa pale mpaka giza, baba akakuja kunichukua na kitoroshi.

Kwa hiyo ilitembea. Nkambo wako hajachanganyikiwa, mwambie mama wa Kamalondo amesema hivyo, na mwambie mujomba amuombe samahani.

Mambo ya nani alitambua na nani alikataa, kulikuwa vita, batu balikufa, balikimbia, baba yangu mudogo hakurudia. Mi sikuombe uweke ile piesi juu ya sifa ya Tshombe. Weka juu batu balikula nayo.

Na makuta usidharau. Mshahara wa kwanza wangu, kazi ya kushona, ulikuwa na noti za zaire na piesi za makuta juu yake. Mia moja ya makuta ilikuwa zaire moja. Niko na za makuta 5 tatu ndani ya kabati, nitakupa moja, kuja siku ya posho (jumamosi) mchana, uje na huyo nkambo kama anaweza kutembea.

Mutoto_wa_Katuba

Mama yangu, nimesoma hii mbele ya nkambo kwa sauti na alikaa kimya, kisha akasema "fundo mara mbili, ndiyo". Tutakuja posho, ni yeye ananihimiza.

Kaye nimeipasua, nimeanza ingine bila listi. Ukurasa wa kushoto nimeandika Kongo, nimeacha nafasi ya franga 10 ya simba na ya makuta ya mama. Ukurasa wa kulia, mbele yake, Katanga. Yote mawili yanaonana. CFA nimeweka alama moja, na sasa niko inchi 55 bila kuhesabu Katanga, si 61, juu nilikuwa nimehesabu Senegal na benzake mara saba.

Yaya wa Goma, ile ya panya ya maji yenye unayo mbili, naweza kukupa ngwee 50 na thebe 25 ya Botswana? Mujomba ana rafiki anapanda Bukavu mwezi wa kesho.

Piesi_za_Kivu

Thebe sina kabisa! Yako, naiweka pembeni. Umupatie yaya wa Nguba, mimi nitatafuta mtu wa boti aniletee.