Kitanda chenye magurudumu?! Mbele ya wakwe zangu?!

Katuba_Remorke:
Ndugu wa Lubumbashi, nimetukanwa saa hii, mikono bado inatetemeka. Wote mnamjua. Yule mwenye gari ya usukani wa kulia, anayeazima mpaka kivuli cha mwembe wa jirani. Simtaji.

Aliomba remorke yangu, tela la kuvutwa na gari, akalete makala Kipushi. Nikamwambia: mzigo mzito uwe mbele ya ekseli kidogo, ukirundika nyuma remorke itapiga mkia na gari itaishia mtaroni. Karudi leo jioni. Magunia yote nyuma, marefu kuliko kanisa! Taa moja imevunjika, gurudumu la kushoto linalia kama mbuzi anayepelekwa sokoni. Mnyororo wa usalama? Amemfungia mbwa wake!

Hayo nilimeza. Ila wakwe zangu wamekaa barazani, wanakula bukari, ugali wetu, na yeye anapaza sauti: "Papa, hii si remorke, ni kitanda chenye magurudumu."

KITANDA! Baba mkwe kacheka mpaka tonge likamdondoka. Ile chasi nimeichomelea mwenyewe. Kitanda gani kinashikwa nyuma ya gari na kichwa cha milimita 50? Kitanda gani kina pembetatu nyekundu mbili nyuma? Halafu anataka nimrudishie faini ya rulaje, polisi wa barabarani, eti plaki ya namba haikuonekana. Magunia yake ndiyo yaliifunika! Kitanda, jamani. Mbele ya baba mkwe.

Mwana_Kenya:
Weka picha. Tuone kama kina chandarua.

MamaUnga:
Huyo! Bidoni zangu mbili za lita 20 ziko kwake tangu mvua za mwaka jana. Nikimuuliza ananijibu "Mama, maji si ya Mungu?"

Fundi_Ruashi:
Rulemani hiyo, beringi ya gurudumu, imekauka grisi. Inua gurudumu, lishike juu na chini, litikise. Likicheza, fungua, osha, tia grisi mpya, kaza nati taratibu. Baada ya kilomita kumi gusa kitovu cha gurudumu, kikiunguza mkono simama.

Katuba_Remorke:
Fundi, asante, lakini sijaulizia grisi. KITANDA, alisema!

Likasi_Direkti:
Magunia mangapi? Kwa leseni ya B, ile ya gari dogo, Mkataba wa Vienna wa 1968 wa barabara unakuruhusu remorke ya kilo 750, chuma na mzigo pamoja; zaidi ya hapo kuna masharti. Kanisa la makala lile lilipita zamani.

Katuba_Remorke:
Hiyo mwambie yeye! Mimi nilimpa ikiwa tupu na safi!

Mwana_Kenya:
Safi, shuka imefuliwa.

Kampemba_Juu:
Afadhali nyinyi mna remorke ya kugombania. Mimi jirani yangu anawasha jenereta saa tisa usiku, moshi wote kwenye dirisha la mtoto.

MamaUnga:
Ya jirani yangu inalia toka saa kumi na mbili jioni, na yeye anaangalia mpira peke yake.

Likasi_Direkti:
Kwani hayo makala ya Kipushi yamekauka? Ya wiki iliyopita yalikuwa moshi mtupu.

MamaUnga:
Moshi mtupu. Nimerudi kwa yule mama wa Kasapa.