Tupeane uzoefu: ndugu wa dini mbili mbele ya sheria, Mtwara na Lindi

Mwanzisha mada, Mtwara Mjini
Huku kwetu kukuta Athumani na Petro wametoka tumbo moja si ajabu. Tunazikana, tunataniana. Kazi inaanza pale inapotakiwa karatasi ya serikali. Dada yangu, Mwislamu, alipendana na Mmakua Mkatoliki. Sheikh akataka bwana asilimu, paroko naye ana masharti yake. Wakaenda bomani, notisi ya siku 21, wakafungishwa. Sheria ya Ndoa ya 1971 inaitambua ndoa ya bomani sawa na ya msikitini au kanisani. Mama alinuna mpaka mjukuu alipozaliwa. Nyie yamewakuta yapi?

Mmwera wa Nachingwea
Kipaimara cha binti yangu, mbuzi alichinjwa na jirani Mwislamu ili wote tule. Sikulazimishwa. Siku ikitungwa sheria kwamba lazima achinje yeye, nitaipinga, na mbuzi bado nitampelekea.

Bi Korosho, Masasi
Mirathi, jamani! Baba mdogo alibatizwa, akasilimu ukubwani, akaongeza mke. Alipofariki, watoto wa mke mkubwa (Wakristo) wakasema marehemu ni Mkristo, wa mke mdogo wakaleta cheti cha kusilimu. Mnadhani waligombea pepo yake? Mikorosho! Kwa fikihi, yaani sheria ya Kiislamu, mtoto asiye Mwislamu harithi. Halafu wakati ule Mahakama ya Mwanzo ilishughulikia mirathi ya kimila na ya Kiislamu tu, ya Kikristo ilipanda mahakama za juu, kwa hiyo hata pa kufungulia shauri palikuwa ugomvi. Hakimu hakuuliza nani mcha Mungu. Aliuliza marehemu aliishi vipi, aliswali wapi, alizikwaje. Ikaonekana Mwislamu. Basi wale wa mke mdogo, walioshinda, wakachukua mafungu yao na kuwapa kaka zao sehemu ya shamba kwa hiba, yaani zawadi. Sheikh aliwasimamia. Mahakama isingeweza kuwaamuru hilo.

Mtendaji mstaafu, Tandahimba
Mkutano wa kijiji, mzee mmoja akapendekeza mama ntilie atakayepika mchana wa Ramadhani apigwe faini. Aliyesimama kupinga ni imamu wetu: "Saumu yangu ailinde Mungu, si mgambo." Nilimkumbusha mzee pia kwamba Katiba, ibara ya 19, imeweka dini kuwa hiari ya mtu. Imamu alikuwa ameshammaliza.

Mwanzisha mada
Bi Korosho, hiyo hiba mliiandikisha serikali ya kijiji au mliachia mdomo tu? Wajukuu wakija kudai itakuwaje?